Mlinzi wa Jiwe la Ezana

Kijana wa bajaji alinitoza birr 300 kwa mwendo ambao mwenyeji wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, alikuwa akilipa 50. Nikalipa bila kubishana, maana usiku kucha nilitetemeka: mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hotelini nilipewa blanketi moja, maji ya moto hakuna.

Kibanda kinachohifadhi jiwe la Mfalme Ezana tulikikuta kimefungwa. Mlinzi alikuwa ameahidi saa tatu, na saa tatu yao ni yetu, Waethiopia nao huhesabu saa tangu jua kuchomoza. Akafika, mzee aliyejitanda shuka jeupe, akafungua kufuli.

Nilitarajia msalaba, maana Ezana ndiye mfalme wa Aksum aliyeupokea Ukristo. Jiwe lina maandishi kwa Kigiriki, Kisabea cha Arabuni kusini na Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, lakini humo Mfalme Ezana bado anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita.

"Hili ni la kabla," mzee akasema, kijana wa bajaji akitafsiri. "Abba Salama alikuwa hajamaliza kazi."

Abba Salama ndiye Frumentius, kijana wa Tiro. Merikebu yao ilivamiwa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, watu wakauawa, yeye na nduguye Edesius wakapelekwa mateka kwa mfalme. Akawa mwandishi na mtunza hazina. Siku ya kuachiwa huru, Edesius alirudi kwao. Frumentius akaenda Alexandria kumwomba Askofu Mkuu Athanasius awapelekee Waaksum askofu. Athanasius akamweka wakfu Frumentius mwenyewe, naye akarudi kulekule alikoshikwa mateka. Baadaye, kwenye sarafu za Ezana, mwezi na jua vikaondoka, msalaba ukaingia.

Nimekulia Bagamoyo. Tangu utotoni nimesikia Injili ilitufikia 1868, na mapadre waliotoka Ulaya kwa meli. Nikasimama mbele ya jiwe lile nikihesabu: karne ya nne! Na aliyeileta hapa alikuwa mtu aliyetekwa, kama wale waliopitishwa kwetu wakielekea Unguja, ila huyu alipewa ruhusa ya kwenda zake akachagua kurudi. Koo lilinikaba.

Mzee akataka kujua kama kwetu tunalijua jina la Salama. Nikamwambia tunalitamka kila siku, mtu akikuuliza habari.

Nilipokuwa napanda bajaji akapaza sauti kutoka mlangoni: "Habari?"

"Salama, baba. Salama."