Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayechanganya sanitaiza ya wodi

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua madirisha yote ya chumba cha kuchanganyia, nyuma ya famasia ya hospitali. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi, na joto la huku linautoa bila hata kuchemsha. Mlinzi anapita na sigara. "Mzee wangu, shikamoo, lakini hiyo ukavutie kule mwembeni." Anacheka, anaenda.

Saa 2. Kipimo. Kwa lita 10, kanuni ya WHO inataka mililita 8,333 za ethanoli (ndiyo hiyo spiriti) ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98. Kinachobaki ni maji yaliyochemshwa yakapoa. Gliserini inanata kwenye silinda, kwa hiyo naisuuza kwa maji hayohayo na kuyamimina ndani ya dumu. Bila hivyo ngozi za wauguzi ndizo zitakazoumia. Peroksaidi yenyewe haiko kwa ajili ya mikono. Inaua spora, yaani bakteria waliojifunika ganda gumu, zilizojificha kwenye chupa, na ndiyo maana mzigo hautoki stoo kabla ya saa 72.

Nazamisha kipima alkoholi: asilimia 80. Hapa sitanii. Kila mara kuna anayeniuliza kwa nini nisiache spiriti kali tupu. Bila maji, alkoholi haiharibu vizuri protini za vijidudu, na inakauka kabla kazi haijaisha.

Saa 4. Chupa zilizorudi. Haziongezewi juu ya mabaki hata kidogo: sabuni, suuza, chemsha, kausha.

Saa 5 napita wodini. Mwanafunzi wa uuguzi anabonyeza tone moja, anajifuta kwenye koti. "Mdogo wangu, jaza kiganja." Tunafanya wote: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole zikisuguliwa kiganjani. Sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Kwenye chumba cha wanaoharisha nasisitiza sabuni na maji, maana kuna spora na virusi visivyoijali sana alkoholi. Mikono yenye damu au mafuta, vilevile.

Saa 7 mchana. Mpishi anataka chupa ya kuweka kando ya jiko. Nimekataa, mama wa watu akanuna. Mkono uliolowa spiriti ukikaribia moto unawaka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri.

Saa 9. Dirishani, mama kanionyesha chupa ya mtaani isiyo na lebo, mtoto anaichezea. Nimemwambia asiitumie: huwezi kujua kama ndani kuna methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Hata iliyo salama, mtoto akiinywa sukari yake ya damu inaweza kushuka vibaya. Iwekwe juu, asipofikia.

Saa 9:30 najaza daftari. Sista wa wodi ya wazazi anataka chupa mbili; nimempa moja. Ya pili Ijumaa, ikitimiza saa zake.