Bakodi zilizogeuka E+12: hatimaye duka limetulia

Ukiskani sabuni ya unga, mashine inasoma sabuni ya mche. Bidhaa zote za kiwanda kimoja zilikuwa na namba moja ya bakodi (ile mistari ya kuskani), 6.20123E+12, yaani namba ndefu iliyofupishwa na Excel, tangu nilipohamisha orodha ya stoo kutoka Excel kwenda programu ya mauzo kwa faili la CSV (orodha ya maandishi matupu).

Nilibadilisha skana, nikaingiza upya programu. Wapi! Nikapanua safu, bure.

Dawa ilikuwa hii. Nilirudi kwenye faili la awali la Excel (bahati sikulifuta), nikachagua safu yote ya bakodi, nikaweka muundo wa Number, desimali 0. Tarakimu 13 zote zikajitokeza. Nikahifadhi kama CSV.

Hapo ndipo nilipokuwa najikwaa kila mara. Nilikuwa nalifungua CSV kwa Excel ili nihakiki, Excel inafupisha namba upya, nami wakati wa kufunga nabonyeza Save. Kuhakiki kwenyewe ndiko kulikoharibu! Safari hii nimelikagua kwa Notepad, nikaona 620 na tarakimu zote zinazofuata zimekaa sawa, nikalipakia bila kuligusa tena. Leo asubuhi sabuni ya unga imesomeka sabuni ya unga.