Tulivyokokota Karavani Kutoka Adelaide Hadi Uluru, na Ushauri Uliokaribia Kututupa Porini

Kabla hatujaondoka Adelaide, mji wa kusini mwa Australia, kwenda kuuona Uluru, ule mwamba mkubwa ulioko katikati ya bara, tulishauriwa na watu wengi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, kupita Port Augusta. Mmoja alisema kwamba bila gari la kuendesha magurudumu yote manne hatungefika popote. Mwingine alisema tusafiri usiku ili tulikwepe joto. Wa tatu alikuwa na karavani yake mwenyewe, kwa hiyo tulimsikiliza kwa heshima, naye akatuelekeza namna ya kupanga mizigo. Maelekezo hayo ndiyo yaliyokaribia kututupa nje ya barabara. Ninaandika kwa sababu tulifika na tukarudi salama, na kwa sababu kila msimu wa baridi unapokaribia kuna ndugu wa Afrika Mashariki waishio hapa wanaouliza kuhusu safari hii, nami sipendi kusikia wakipewa maneno yale yale.

Nianze na gari. Barabara kuu ya Stuart inaanzia Port Augusta, penye ncha ya Ghuba ya Spencer, na kuishia Darwin, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,700, na yote ni lami. Imepewa jina la John McDouall Stuart, mvumbuzi aliyevuka bara hili kutoka kusini na kufika pwani ya kaskazini mwaka 1862. Barabara ya Lasseter, inayochepuka Erldunda kuelekea Uluru, nayo ni lami mpaka mwisho. Kwa hiyo suala la magurudumu manne halikutuhusu, na hata lingetuhusu, mkataba wa kukodi karavani ulitukataza kuingia barabara za vumbi. Jambo la kutazama kwenye gari ni uzito ambao mtengenezaji ameruhusu likokote, na kama limefungiwa kidhibiti cha breki za karavani, yaani kile kifaa kidogo karibu na usukani kinachomwezesha dereva kuzifunga breki za karavani peke yake bila kugusa za gari. Asiyekuwa nacho asitoke nyumbani.

Tulikuwa wanne: mimi na mke wangu, dada mmoja wa Mombasa ambaye ni muuguzi, na rafiki yetu wa Goma aliyeendesha malori Kivu kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Tulichagua mwezi wa saba, kwa sababu kiangazi cha huko huanzia mwezi wa kumi na mbili, na joto lake linaweza kupita nyuzi 40.

Sasa niueleze ule ushauri wa mizigo. Mwenye karavani alituambia kwamba vitu vizito vyote viwekwe nyuma kabisa, ili shingo ya karavani, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, isilikandamize gari, na gari litembee kwa wepesi. Tulipakia kama tulivyoelekezwa: madumu sita ya maji ya lita 20 kila moja, jenereta, sanduku la spana na gunia la unga wa sembe, yote nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Mjini gari lilitembea kwa ulaini wa kupendeza. Lakini tulipokuwa tumeiacha Port Augusta na kushika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, lori lenye matela matatu lilitupita likitoka upande wa pili. Malori haya yanaweza kufikia urefu wa mita 53.5, na upepo yanaousukuma si wa kawaida. Karavani ilivutwa upande mmoja, ikarudi upande wa pili, kisha ikaanza kuyumba kwa nguvu inayozidi kila inaporudi, mpaka nyuma ya gari nayo ikawa inapelekwa huku na huku.

Rafiki yetu wa Goma ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Hakukanyaga breki, wala hakujaribu kuifuata karavani kwa kuzungusha usukani. Aliunyoosha, akaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, na kwa mkono wa kushoto akakibana kile kidhibiti, breki za karavani peke yake zikashika na kuivuta nyuma mpaka ikanyooka. Dada wa Mombasa alisoma dua kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliposimama pembeni, dereva wetu alisema tu, "Mzigo uko mahali pabaya, ndugu yangu. Turudi." Tukarudi Port Augusta kwa mwendo wa 60.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo najivunia mpaka leo. Kanuni inayofuatwa na wakokotaji wengi hapa ni kwamba uzito unaolala juu ya tufe la kukokotea, lile la chuma nyuma ya gari, uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani nzima. Ukiwa mdogo mno, nyuma inakuwa nzito, na karavani huanza kuyumba mara inapoguswa na upepo. Yetu ilikuwa imepimwa kwenye mizani ya malori kabla ya safari, ikaonekana ina kilo 1,800 hivi, kwa hiyo shingoni tulihitaji kama kilo 180. Lakini tungepimaje huku tuko njiani? Mizani ya bafuni tuliyoipata dukani ilikuwa na mwisho wa kilo 150, na muuza duka alituhakikishia kwamba haitatufaa.

Nikakumbuka somo la wenzo la sekondari. Tulinunua ubao mnene, tukaukata urefu wa sentimita 120. Ncha moja tukailaza juu ya tofali, ya pili juu ya mizani, tukahakikisha ubao uko sawasawa. Kisha, baada ya kuzuia magurudumu ya karavani kwa magogo, tuliishusha shingo yake juu ya kipande cha mti kilichosimamishwa kwenye ubao, sentimita 40 kutoka kwenye tofali na 80 kutoka kwenye mizani. Hapo mizani hubeba theluthi moja tu ya uzito, kwa hiyo namba inayosomeka huzidishwa kwa tatu. Uzito wa ubao wenyewe tuliupima mwanzo tukautoa. Mke wangu alichuchumaa na tochi, akasoma 27. Mara tatu ni kilo 81. Karavani ya kilo 1,800 ilikuwa inaliegemea gari kwa kilo 81!

Tulifungua kila kitu. Madumu ya maji yakaja juu ya ekseli, chini kabisa sakafuni, yamefungwa kwa mikanda. Jenereta na spana zikasogezwa mbele. Unga ukaingia chini ya kitanda cha mbele. Tukapima tena, tukahamisha viti vya kukunja, tukapima tena. Mizani iliposoma 61, yaani kilo 183, niliomba tupige picha. Kutoka hapo hadi Uluru, na kurudi, tulipishana na malori yasiyohesabika, na karavani ilitikisika kidogo tu kisha ikatulia. Tulichukua pia uamuzi wa kutopita kilomita 90 kwa saa, ijapokuwa sheria inaruhusu 110 South Australia, jimbo la Adelaide, na hata 130 kwenye sehemu za Northern Territory, eneo la kaskazini lenye Uluru. Mwendo huo ulitupunguzia dizeli pia.

Dizeli, kwa kweli, ndiyo iliyokula fedha. Gari ambalo peke yake lilikuwa likitumia kama lita 11 kwa kilomita 100 lilipanda hadi 18, na siku moja ya upepo wa mbele lilifika 20 na zaidi. Kutoka kituo cha njiani cha Glendambo hadi Coober Pedy, mji wa wachimbaji wa vito, ni kilomita 250 hivi bila kituo cha mafuta, kwa hiyo usipite Glendambo kwa kutazama mshale tu; piga hesabu kwa matumizi ya siku ile yenye upepo. Bei hupanda kadiri unavyoacha miji, na sisi tulikuwa tukilipa zaidi ya dola mbili kwa lita karibu kila mahali. Na zima gesi ya friji ya karavani kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Kabla ya Glendambo kuna mapumziko yanayotazama Ziwa Hart, ambalo ni chumvi tupu, jeupe mpaka macho yanauma. Hapo tulipika chai. Fahamu tu kwamba sehemu hiyo ya barabara inapita ndani ya eneo la majaribio ya silaha la Woomera, lililoanzishwa mwaka 1947: unaruhusiwa kupita barabarani na kusimama palipotengwa, lakini huruhusiwi kuchepuka porini bila kibali.

Coober Pedy tulilala chini ya ardhi. Opali, aina ya kito, iligunduliwa hapo mwaka 1915, na wachimbaji wakaanza kuishi ndani ya mashimo yao kwa sababu ndani ya mwamba hali ya hewa hubaki karibu nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima. Nje, majira tuliyopita, usiku ulikuwa wa baridi kali. Hili nalisisitiza, kwa sababu kuna aliyetuambia tusibebe mablanketi eti tunakwenda jangwani. Kaskazini zaidi, karibu na Erldunda, maji yaliganda ndani ya bomba la mpira la nje ya karavani, tukakosa maji mpaka jua lilipopanda. Tangu usiku uliofuata dada wa Mombasa alijaza birika na sufuria kabla ya kulala, na asubuhi chai na uji vilikuwa tayari wakati majirani wetu wa kambini wanahangaika na mabomba yao. Tena, ukiwa Coober Pedy na watoto, washike mikono. Nje ya mji kuna mashimo mengi ya zamani yaliyoachwa wazi, na vibao vimewekwa kuwaonya watu wasirudi kinyumenyume wanapopiga picha.

Kuhusu kusafiri usiku, mkataba wetu ulikataza, na hata usingekataza tusingefanya. Kangaruu hutoka kula alfajiri na jioni, na huruka mbele ya taa bila onyo. Ukivuka mpaka wa Northern Territory, sehemu nyingi hazina uzio, na ng'ombe hulala kwenye lami kutafuta joto lake. Tuliona pia ngamia, wazao wa wale walioletwa karne ya 19 pamoja na waongozaji wao kutoka Afghanistan na India ya Waingereza, kisha wakaachwa porini magari yalipochukua kazi yao. Kwa gari lenye karavani nyuma huwezi kusimama ghafla. Tulikuwa tukiondoka jua likiwa limepanda vizuri, na saa kumi jioni tuko kambini. Mchana penyewe punguza mwendo ukiona mzoga, kwa sababu tai wakubwa wa huko hushiba na kuchelewa kuruka.

Kifaa kilichotusaidia kuliko nilivyotarajia ni redio ya mawasiliano ya barabarani. Madereva wa malori hutumia chaneli ya 40. Lori linapokuja nyuma yako, msalimie, mwambie umemwona, na umjulishe kama mbele kweupe. Rafiki yetu wa Goma alizungumza nao kwa adabu ya dereva kwa dereva: akishika mwendo ule ule wakati lori linaanza kupita, kisha akiachia mafuta kidogo likishatoka kwenye upande wake, ili lirudi mapema. Wengi walimshukuru kwa jina la utani walilompa siku ile. Simu hazina mtandao sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo redio hiyo si anasa.

Baada ya Erldunda, mlima wenye kichwa bapa ulitokeza upande wa kushoto, mke wangu akapiga vigelegele. Ulikuwa Mlima Conner, ambao wasafiri wengi huudhania Uluru. Uluru wenyewe uko mbele zaidi, na ulipotokea hatukuhitaji kuulizana. Ni mwamba mmoja wenye kimo cha mita 348, na kuuzunguka kwa miguu ni kama kilomita 10. Tulianza mapema asubuhi na kumaliza bila haraka. Wenye ardhi hiyo ni Waanangu, wenyeji wa asili wa hapo, waliorudishiwa hati ya ardhi hiyo tarehe 26 Oktoba 1985, na kupanda mwamba kulikomeshwa tarehe kama hiyo mwaka 2019. Kuna sehemu ambazo wameomba zisipigwe picha, na vibao vinaonyesha. Sisi tulifunga kamera kila tulipoombwa. Kati ya yote tuliyoyafanya, mzunguko ule ndio ambao ningeurudia kesho.

Gharama nilizozikumbuka ni hizi: dizeli iliongoza, ikafuata kodi ya karavani, kisha nafasi ya kambi Yulara, mji mdogo wa watalii karibu na Uluru, ambayo ni ghali kuliko vituo vingine vyote vya njiani. Chakula kilikuwa kidogo kwa sababu tulipika ugali na maharage wenyewe. Tukiwa wanne, kila mmoja alitoa chini kidogo ya alivyokuwa amejiandaa kutoa, na aliyetukodisha karavani aliturudishia dhamana yote. Anayetaka kwenda mwezi wa saba au wa nane aweke nafasi ya Yulara miezi kadhaa mapema, kwa sababu hujaa. Na wakati wa kurudi amalize matunda yake yote kabla ya mpaka, kwa maana South Australia hairuhusu kuyaingiza kwa kuhofia nzi wa matunda. Sisi tulikaa Kulgera, kituo cha mwisho kabla ya mpaka, tukala machungwa mpaka yakaisha, ndipo tukavuka.