Kwa nini biti zangu zote zilikuwa 120

Jana usiku nilifungua faili zangu za zamani za muziki nikacheka peke yangu. Karibu zote zina kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Si kwamba naipenda sana 120. Ndiyo kasi ambayo programu yangu ya kutengenezea muziki hufunguka nayo, nami sikuwahi kuigusa!

Nikaendelea kuchimbua. Kila kitu kimekaa baa (vipande vya mapigo) nne nne, ngoma zimenyooka kwenye gridi, ile mistari ya programu inayovuta kila pigo mahali pake, kama askari wa gwaride, na kiitikio kinarudi vilevile kwa sababu kunakili na kubandika ni kazi ya sekunde moja. Mpiga ngoma wa kweli asingekubali kurudia kitu kilekile mara 32 bila kuchomekea chake.

Basi nikazima gridi, nikashusha kasi hadi 97, nikapiga ngoma kwa vidole kwenye kibodi. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inachelewa kidogo, inayumba, na wimbo unapumua.

Ila siilaumu mashine. Kampuni ya Roland ya Japani walitoa TB-303, kimashine cha kutoa sauti za besi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili iigize gitaa la besi. Haikufanana na gitaa hata kidogo, na soko likaikataa. Vijana wa Chicago wakaichukua kama mtumba, wakazungusha nobu zake hadi ikalia kama kitu kisicho cha dunia hii, na acid house, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, ikazaliwa. Sijui nani angeweza kuipanga sauti ile makusudi.

Wimbo wangu wa 97 bado hauna jina. Besi ndiyo inanisumbua.