Chumvi Isikaukie Kwenye Regulata

Ukitoka kuzamia Msimbati, Mtwara, usiache vifaa vikauke juani kwenye boti. Chumvi ikishakauka inakuwa chembe ngumu zinazokwaruza mipira ya ndani na kukwamisha vitufe, na kuitoa ni kazi. Kama huna maji baridi (yasiyo na chumvi) karibu, vifunike kwa taulo lililolowa mpaka ufike nyumbani. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, tafuta mengine.

Regulata, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kausha kizibo chake, kifunge vizuri kwenye sehemu inayokaa mtungini, ndipo uiloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hivi. Ikiwa imetolewa kwenye mtungi, usibonyeze kabisa kitufe cha mbele cha sehemu ya kupumulia: vali inafunguka, maji yanapanda kwenye bomba hadi ndani, na kutu inaanza pasipoonekana.

Jaketi la kuelea linasahaulika ndani. Mimina lita moja au mbili kupitia bomba la kujazia, lijaze hewa kidogo, ligeuzegeuze, kisha umwage maji yote kwenye kona ya chini. Rudia mara mbili. Lianike likiwa na hewa nusu.

Suti ya kuzamia ianikwe ndani nje, kivulini penye upepo, kwenye hanga pana. Jua la Mtwara linaifanya ikakamae na kupasuka. Miwani na mapezi, suuza tu.

Mtungi usimalizwe hewa. Bakiza kidogo ili unyevu usiingie.