Bikari tatu

Nilicheka. Ndilo linaloniwasha tangu Jumatano.

Afande wa lango la pili la gereza ninakofundisha hesabu mnamjua, nimeshamtaja humu: mcheshi, roho mbaya hana. Alifungua kopo, akahesabu kwa kidole. "Bikari tatu ziliingia, tatu zimetoka. Hesabu yangu imekwisha, mwalimu. Ya hawa wenye kifungo cha maisha ni ya nini?" Nikacheka, kile kicheko cha mtu anayengoja kufunguliwa lango. Fundi, mwanafunzi wangu mfungwa, mmoja wa hao wa maisha, alikuwa nyuma yangu na ubao. Aliuegemeza ukutani taratibu, akaenda kuchuchumaa na wenzake wahesabiwe.

Wiki yenyewe haikukosa mambo: wifi kajifungua mapacha, shuleni tumeletewa naibu mpya. Mimi bado niko langoni.

Jibu la kumpa afande lilinijia kwenye matatu, kama kawaida yake. Ningemtajia Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo Uganda: kesi iliyobeba jina lake ndiyo iliyoondoa hukumu ya kifo ya lazima mwaka 2009, na sheria ya Chuo Kikuu cha London akaisomea humo humo gerezani Luzira. Kabla sijashuka nikaona jibu ni bovu. Kigula ana la kuonyesha. Fundi ana mtihani wa KCSE tu, ule wa kumaliza sekondari, karatasi ya pili ya hesabu. Na kwa upande wa siku za kifungo afande hajakosea: msamaha wa theluthi ya kifungo hapa Kenya hupatikana kwa kazi na mwenendo mwema, alama za mtihani haziuongezi, na mwenye maisha haumhusu. "Ya nini?" Basi hata mimi sikuwa na jibu, ila kucheka ningeweza kuacha.

Shida yetu iko kwingine kabisa. Swali la kuchora linataka rula na bikari pekee, na bikari ina ncha, kwa hiyo hailali ndani. Wanafunzi 11, bikari 3, saa moja: dakika 16 kila mmoja. Ukitoa za kugombania, 12. Wakishafungiwa saa kumi jioni, muda wa kusoma wanao tele. Chombo ndicho hakuna.

Sasa Fundi ametengeneza chake. Kachukua boksi la sabuni, akalikunja kwenye ukingo wa rula, akalilowesha mkunjo kwa kidole na kuchana, maana mkasi nao hauruhusiwi. Vipande viwili vya sentimita 14 kwa 2, vimegandishwa kwa uji mzito na kulaliwa na vitabu usiku kucha. Tundu la kwanza ni la kitovu, mengine yanafuata kila nusu sentimita. Penseli moja inashikilia kitovu, ya pili inazunguka. Wembe wa kuchongea hana, kwa hiyo ncha anaisugua kwenye sakafu ya saruji huku akiizungusha. Asipoizungusha inatoka bapa, na mstari unakuwa mnene kama wa chaki.

Kinachoharibika kwanza ni tundu la kitovu. Baada ya tao kumi hivi boksi linalegea, na nusukipenyo cha sentimita 5 kinaanza kucheza. Kulipima ni rahisi: chora duara, kisha tembeza nusukipenyo kile kile kwenye mzingo mara sita. Hatua ya sita lazima itue pale ulipoanzia. Yake ya juzi ilipita kwa milimita 3, yaani nusu milimita kila hatua, na ukibeba kosa hilo hadi mwisho wa mchoro pembetatu haifungi. Sasa kitovu amekibandikia kipande cha kifuniko cha plastiki cha kopo la mafuta ya kupikia. Kinashika.

Kwa pembe ya 60, ya 90, na kugawa mstari au pembe mara mbili, matundu ya nusu nusu yanatosha, kwa sababu nusukipenyo unajichagulia mwenyewe. Penye taabu ni duara la ndani ya pembetatu: nusukipenyo chake hutokana na mchoro, na kinaweza kuwa 2.3. Hapo anatoboa kipande kipya kwa kipimo hicho. Cha kuhofia ni siku yenyewe ya mtihani. Atashika bikari ya chuma yenye bawaba, mkono umezoea boksi, aikandamize ifunguke katikati ya tao. Jumatano ijayo dakika zake 12 zote nitampa za kuzungusha kwa vidole viwili, juu kabisa, bila kugusa miguu.

Kile kifaa afande alikigeuza geuza, akakinusa. Kinanuka sabuni. Akakirudisha. "Hiki hakimo kwenye hesabu," akasema.