Hela ya tabianchi: tunapewa au tunakopeshwa?

Kila mikutano ya tabianchi ikiisha watu wanashangilia mabilioni ambayo nchi tajiri zimeahidi kwa nchi maskini, na mi swali langu huwa ni moja tu, hiyo hela ni ya kupewa au ya kukopeshwa? Hapo ndo penye haki au dhuluma, mengine yote yanafuata.

Mwaka 1992 kule Rio de Janeiro nchi zilikubaliana kwamba mzigo wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi ni wa wote ila haulingani, yaani aliyechafua zaidi na mwenye uwezo zaidi abebe zaidi. Iko kwenye mkataba, sio hisani ya mtu. Na hesabu ziko wazi: Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vianze, wakati Afrika nzima na watu wake zaidi ya bilioni moja inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka.

Sasa angalia kilichotokea Pakistan. Mafuriko ya 2022 yaliua watu zaidi ya 1,700, hasara na uharibifu ukakadiriwa kupita dola bilioni 30, na nchi yenyewe inachangia chini ya asilimia 1 ya uchafuzi wa dunia. Januari 2023 wafadhili wakakutana Geneva wakaahidi zaidi ya dola bilioni 9, vichwa vya habari vikapambwa, kumbe sehemu kubwa mno ya hiyo hela ni mikopo! Mtu amesombewa nyumba, shamba, ng'ombe, barabara na shule ya mtoto wake, afu serikali yake inaambiwa ijenge upya kwa deni, na deni lenyewe atalilipa huyo huyo aliyesombewa. Hii inaniuma sana kwa kweli.

Na sio Pakistan tu. Ile ahadi ya nchi tajiri kwenye mkutano wa Copenhagen 2009, dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ilikuja kutimia 2022, na kwenye hela ya umma ya mwaka huo karibu asilimia 70 ilikuwa mikopo. Mikopo inahesabiwa sawasawa na msaada!

Mkutano wa tabianchi wa Baku, Azerbaijan, 2024 ndo ulinikatisha tamaa kabisa. Nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka, zikaambiwa mtapata bilioni 300, tena ifikapo 2035, na ndani yake mikopo imo na hela za kampuni binafsi zimo. Wajumbe wa visiwa vidogo na wa nchi maskini zaidi walitoka nje ya kikao kwa hasira, na usiku ule wa mwisho nyundo ya kupitisha azimio ilishagongwa ndo mjumbe wa India akapewa nafasi ya kusema, akaliita azimio lile kiinimacho. Nyundo kwanza, maoni baadaye. Hayo ni mazungumzo kweli?

Kuna wanaouliza, na China je? Swali la haki kabisa. Mwaka 1992 iliwekwa kundi moja na nchi zinazoendelea, leo ndo inaongoza kwa kutoa hewa ukaa, kwa hiyo na yenyewe ichangie, mi sina tatizo. Ila China kutolipa hakufuti deni la waliotangulia.

Kinachonipa moyo kidogo ni Vanuatu. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza 2019 kushinikiza suala lifike Mahakama ya Kimataifa ya Haki, serikali ya Vanuatu ikalibeba hadi Umoja wa Mataifa, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni kwamba nchi zina wajibu kisheria kulinda hali ya hewa na zikikiuka zinaweza kutakiwa kulipa fidia. Maoni hayo hayamfungi mtu moja kwa moja, najua, lakini neno fidia ndo lile nchi tajiri zililohakikisha 2015 kule Paris linawekewa kizuizi, kwamba kifungu cha mkataba kuhusu hasara na uharibifu wa tabianchi kisiwe msingi wa kudai fidia. Sasa limetamkwa na majaji, na wajumbe wetu waende nalo mezani.